Kisima cha Jecha

Maji yalipofika kwenye kidonda cha nyonga, Jecha aliuma mto wa kulalia asipige kelele. Ilikuwa asubuhi ya Idi, na Mwatum alitaka mumewe aoge kama wanavyooga waume wa wenzake. Lakini maji aliyoyapata yalikuwa ya mkondo wa bahari wa Pujini, na chumvi haichagui sikukuu.

"Basi?" Jecha aliuliza.

"Bado mgongo."

Mbele ya mlango wao, karibu hata moshi wa jiko lao ukifika, palikuwa na kisima cha maji matamu. Jecha alikichimba mwenyewe alipokuwa mzima, akipasua mwamba kwa mtaimbo mpaka chemchemi ikamrukia usoni. Ila ardhi ilikuwa ya Nassor bin Soud. Mwaka ule wa 1960 kaskazi ilikausha visima vya jirani, na Nassor akakitia hiki kifuniko cha mbao na kufuli. Maji, alisema, ni ya punda wake na miche yake ya mikarafuu.

Nassor alikuwa mtu wa kuzima taa wageni wakiwa bado wanakula. Konyo la karafuu likianguka mchangani, mchumaji aliitwa arudi aliokote. Msimu wa vuli uliopita Jecha alimwonyesha mkarafuu ulioliwa na mchwa.

"Bwana, mti huu umeoza."

"Umeoza na bado wazaa," Nassor alijibu. "Panda, au ubomoe kibanda chako unitokee shambani."

Jecha alipanda, tawi likakatika naye. Tangu siku ile hakusimama tena.

Mwatum alikuwa akimfunika Jecha shuka, jirani yao Bi Time akaingia bila hodi, doti mpya ya kanga begani.

"Mwatum, Nassor amekuwa mtu mwengine! Ile homa ya kumi la mwisho la Ramadhani, wasema aliliona kaburi lake kwa macho. Leo kachinja ng'ombe. Anagawa nguo. Analia, mwenzangu, analia kama mtoto! Na anakutafuta wewe."

"Mie ananitakia nini?"

"Radhi. Nenda, mwanangu. Bahati haigongi mlango wa kwetu mara nyingi."

Mwatum alikwenda na kanga yake ya kila siku.

Baraza ya Nassor ilijaa. Wachumaji walikaa kwa makundi, kila kundi na sinia lake la pilau. Nassor mwenyewe alikuwa amekonda, kanzu ikimning'inia. Alipomwona Mwatum aliinuka, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mtu wa shamba, na machozi yakamtoka kweli.

"Mwatum, binti yangu. Nimekukosea wewe na Jecha. Naomba radhi mbele ya watu wote hawa."

Watu waliguna kwa kuridhika. Mwatum hakukaa kwenye mkeka aliotandikiwa.

"Na kisima, Bwana?"

"Kisima ni chenu! Tangu leo, asubuhi na jioni, Silima atakuja kukufungulieni."

Silima, msimamizi wa shamba, aliinamisha kichwa.

"Ufunguo atakaa nao nani?"

"Mimi." Nassor alishangaa kidogo. "Shamba si langu?"

"Na siku utakayokasirika?"

"Sitakasirika tena. Nimemuahidi Mungu."

"Umemuahidi Mungu. Sisi hujatuahidi kitu."

Mikono ilisita juu ya masinia. Mwatum alisogea mbele.

"Na Jecha. Sema mbele ya watu hawa kwa nini alianguka."

"Ilikuwa kudura, binti yangu."

"Kudura haikumwambia apande. Wewe ulimwambia. Jaribu alikuwa chini ya mti, alisikia." Alimgeukia mchumaji aliyekaa kando ya nguzo. "Jaribu, hukusikia?"

Jaribu alilitazama tonge lake, kisha akalitia kinywani.

Mwalim Nyange, imamu wa msikiti, alijikohoza. "Mama, mtu akilia siku kama ya leo hafukuzwi. Msamehe."

"Mie namdai kusema, Mwalim. Simdai kulia."

"Mwanamke huyu ana kiburi!" sauti moja ilitoka nyuma, na nyengine ikaongeza, "Atatuharibia sote." Nassor aliinua mkono kuwanyamazisha, kwa upole, kama baba. Akaagiza Mwatum afungiwe sahani aende nayo. Mwatum alikuwa ameshageuka.

Nyumbani aliuchukua mtaimbo nyuma ya mlango. Ulikuwa mzito kuliko alivyoukumbuka.

"Wendapi na huo?" Jecha aliuliza kutoka kitandani.

"Kisimani kwako."

Jecha aliutazama mtaimbo. Kutoka barazani kwa tajiri zilisikika takbira.

"Anzia kwenye bawaba," alisema. "Mbao ni za mvule, zitakuchosha bure."

Bawaba ya kwanza ilitoka kwa shida, ikamchuna viganja. Ya pili aliipiga mpaka msumari ukaruka. Kifuniko kilipoinuka, ubaridi ulimpanda usoni na harufu ya mwamba wenye maji. Alikaa juu ya ukingo, akapumua. Kisha akateka.

Wanawake walisikia vishindo. Walikuja mmoja mmoja na madebe, wakasimama mbali, kila mmoja akimngoja mwenzake. Aliyesogea mwanzo alikuwa Bi Time, na doti yake ya Nassor begani.

"Utafungwa wewe," alisema kwa hasira, huku akishusha ndoo.

"Teka, Bi Time."

Wakateka wote. Mwatum alimwosha Jecha upya, polepole, na safari hii Jecha hakuuma mto. Alifumba macho tu, maji yakimpita shingoni.

Nassor alifika na Silima na watu waliokwisha kula. Alikitazama kifuniko kilicholala mchangani, akaokota bawaba iliyopinda, akaigeuzageuza.

"Ningekufungulia, Mwatum."

"Najua."

"Basi kwa nini?"

"Ndiyo sababu hiyo. Ungenifungulia wewe."

Hakufahamu, au hakutaka kufahamu. "Sema nisamehe. Neno moja tu, wasikie hawa, yaishe. Mimi mwenyewe nimeomba radhi leo, sikuona haya."

"Uliomba, ukakataa kusema ulichokitenda. Mie nasema nilichokitenda: nimekivunja. Na kuomba siombi."

Wanawake walishika madebe yao. Hakuna aliyeondoka. Nassor aliwatazama, uso baada ya uso, akiwatafuta wale waliombusu mkono asubuhi. Macho yake yalikuwa makavu sasa.

"Silima," alisema. "Nenda mjini Chake ukawaite askari."

Alasiri Mwatum alikuwa kituoni, amekaa sakafuni nyuma ya nondo. Kosa lake lilikuwa moja: kuharibu mali ya mtu. Askari wa zamu alikuwa kijana, amekasirika kwa kukosa sikukuu ya kwao. Nje watoto walipita na vipenga, nguo zao zikinukia udi.

Mpishi wa Nassor aliingia na sahani iliyofunikwa kwa kawa la ukindu. Aliiweka juu ya meza bila ya kumtazama mtu.

"Bwana amesema mfungwa asikose Idi. Amesema pia asipigwe."

Alipoondoka askari alifunua kawa. Harufu ya nyama na bizari ilijaa chumba kizima. Mwatum hakuwa ametia kitu tumboni tangu futari ya jana.

"Chako hiki. Kula."

"Sili."

"Hutaki kweli?"

"Sitaki. Niambie tu nani amebaki na mume wangu."

Askari hakujua. Alingoja kidogo, akavuta kiti, akanawa mikono kwa maji ya birika, akaanza kula. Alikula mpaka akafika chini ya sahani, akatafuna mfupa, akaramba vidole kimoja kimoja.

"Mtu mwema sana mzee huyu," alisema. "Nyie watu ndio hamridhiki."