Jaribio Lililorukwa

Jumatatu, kabla chai yake haijapoa, fundi wa programu alifungua faili la mipangilio, akafuta neno moja na kuandika jingine. Kompaila yao, ile programu inayogeuza maandishi ya mafundi kuwa amri za mashine, ikaachana na sehemu yake ya zamani ya kutoa amri, ikaanza kutumia mpya iliyosifiwa kwa kasi. Akaanzisha majaribio, akanywa chai.

Yote yalitoka kijani, yaani yalifaulu, isipokuwa moja. Lilihusu pampu za dawa ambazo wagonjwa hufungwa kiunoni: dozi ikizidi kipimo, pampu isimame. Kwa sehemu ya zamani ilisimama. Kwa mpya iliendelea kusukuma dawa, kwa kuwa mpya ilipata kasi yake kwa kuacha ukaguzi wa namna hiyo.

Alipoinua macho, mzee mmoja mwenye nguo za kulalia alikuwa ameketi karibu na mlango. Fundi akarudia jaribio, likashindwa tena, na mwanamke mwenye shali akaketi kando ya mzee. Kufika adhuhuri viti vilikuwa vimejaa. Mfagiaji aliwaomba wainue miguu, wakainua. Mhasibu alinung'unika kwamba hana pa kuweka mkoba.

"Bado hatujafa," mzee alieleza kwa upole. "Tunangoja tu."

Fundi akarudisha sehemu ya zamani. Viti vikawa vitupu. Akaweka mpya, wakarudi, kila mtu mahali pake, na nyuma yao akaingia mama wa mumewe, pampu kiunoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa ningoje hapa. Hivi viti mlinunua au mliokota?"

"Nani amekuambia, mama?"

"Nitamjuaje? Endelea na kazi, usije ukafukuzwa kwa ajili yangu."

Mkuu wa kitengo, ambaye kila kazi aliitaka kesho hata wakambandika jina la Bwana Kesho, alipita katikati ya watu wale akisema samahani, samahani. Adabu alikuwa nayo, hilo hatumnyimi.

"Limebaki moja tu?"

"Moja, bosi, la pampu. Na hawa wote ni wa pampu. Haraka haraka haina baraka."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo. Mteja anataka kasi. Liruke."

Kuruka jaribio halikuwa jambo geni pale. Unaandika neno moja juu yake, nalo halifanywi tena. Halipiti wala halishindwi, na ukurasa mzima unakuwa kijani. Fundi alikataa mchana kutwa. Mwishowe Bwana Kesho aliliandika neno hilo mwenyewe, kwa kidole kimoja, kisha akamshukuru fundi kwa uangalifu wake.

Jioni, nyumbani, fundi alimkuta mama mkwe jikoni akimenya vitunguu.

"Mgongo wote unauma," alisema mama mkwe. "Viti vyenu vile!"

Fundi alilia, wala hakusingizia vitunguu. Akafungua kompyuta, akaitafuta pampu ya mama mkwe katika mtambo wa kampuni, akaizuia isipokee programu mpya. Hiyo peke yake ndiyo aliyoruhusiwa kuigusa, maana ilisajiliwa kwa jina la familia.

Mama mkwe alimtazama mpaka akamaliza. "Na wenzangu je?"

"Siwezi, mama."

Mama mkwe akachukua kitunguu kingine, akamenya.

Kesho yake programu ilitumwa kwa wateja. Waliongoja walikuwa wengi hata wengine wakasimama kando ya ukuta, na kampuni, ambayo si ya watu wabaya, ikaleta mabenchi. Fundi alipofika, mahali pa mama mkwe palikuwa na mama mwingine, wa makamo, ameshika pampu yake kwa mikono miwili.

"Wewe ndiye mkwe wake?" mama yule aliuliza. "Amenipisha hapa. Anasema kwenu kuna mtu wa kumwangalia."

"Ndiyo, mama."

"Mimi mwanangu ni mwalimu wa chekechea," alisema. "Mambo ya kompyuta hayajui kabisa."

Akavuta miguu chini ya kiti ili fundi apate njia ya kwenda mezani kwake. Fundi akasema ahsante, akapita.