Kidole Gumba cha Mkunga

Saila Kemppi hakuwa mtu wa kukaa. Kiti kwake kilikuwa mahali pa kutupia koti. Tangu mumewe Pirkka ahamie mji wa Tampere na mwanamke wa ofisini kwao, alikunywa kahawa amesimama, akala mkate mweusi akizunguka meza, na majira ya baridi, alipokuwa akiendesha gari la kuondoa theluji barabarani, mguu wake wa kushoto usio na kazi yoyote ulipigapiga sakafu ya gari tangu asubuhi mpaka anarudi. Watu wa Kajaani, mji wao wa kaskazini mwa Ufini, wamezoea wenzao wenye midomo mizito na miguu mitulivu. Walimtazama, wakaguna, wakaendelea na yao.

Katika ndoa ile alibakiwa na mama mkwe tu. Raili, mkunga mstaafu, mwanamke mfupi mwenye mikono mipana iliyopokea nusu ya watoto wa wilaya, alikuja wiki ileile mwanawe alipoondoka. Alisimama mlangoni na begi la bunduki begani, uso umekunjwa.

"Mwanangu kakuacha," alisema. "Mimi sijakuacha. Jumapili tuna mazoezi uwanjani. Vaa viatu vya kukimbilia."

Ndivyo walivyogeuka jozi. Na mashindano waliyoyakimbilia hayakuwa mchezo wa kitoto. Kila Agosti, kwenye msitu wa Honkavaara, watu wazima wenye akili zao timamu, wengi wao askari wa akiba, hulipa ada ili wateswe. Hukimbia wawiliwawili, bunduki mgongoni na bastola kiunoni, wakibeba magogo, wakitambaa kwenye matope, wakirusha vyuma, kisha wanatakiwa kulenga shabaha huku moyo unagonga kooni. Jozi zilizomaliza vituo vyote huitwa kwa majina jioni, na hao ndio huingia kwanza sauna, chumba cha mvuke wa moto. Wengine husubiri nje na kuliwa na mbu.

Jina la Raili halikuwahi kuitwa. Mara tatu walishiriki, mara tatu walitoka, na mara zote tatu mkosaji alikuwa Saila na haraka zake. Mara ya kwanza alivuka mstari kabla hajaruhusiwa. Mara ya pili bastola ilimponyoka ikaanguka, na kuangusha silaha ni kufukuzwa papo hapo. Mara ya tatu aligeuka vibaya, mdomo wa bunduki ukaelekea walikosimama watu. Na sheria ya jozi haina huruma: akifukuzwa mmoja, wamefukuzwa wote wawili.

Mwaka huu daktari alikuwa amesema lake. Mwezi wa kumi goti la Raili lingekatwa na kuwekwa jingine la chuma, na baada ya hapo kukimbia na mzigo ni marufuku hadi kaburini. Kwa hiyo hii ilikuwa mara ya mwisho. Ama jina lake liitwe sasa, ama lisiitwe kabisa, na Saila alijua vizuri lingekosekana kwa sababu ya nani. Zaidi ya hilo kulikuwa na hofu ambayo hakuisema kwa mtu. Mashindano yakiisha, yeye na Raili watakuwa nani? Mama mkwe wa ndoa iliyokufa ni mkwe gani?

Walianza mazoezi theluji ikiyeyuka. Raili aliweka pipa katikati ya ua wake, akaketi kwenye ngazi na kahawa yake na mkate mtamu wa iliki, goti amelinyoosha mbele. Kazi ya Saila ilikuwa kukimbia hadi ghalani na kurudi na mfuko wa mchanga, kuchukua bunduki isiyo na risasi, kulenga, kufyatua, kisha kuitumbukiza pipani. Lakini kabla ya kuitumbukiza, kidole gumba kisukume kile kijikomeo cha ubavuni kinachozuia bunduki isifyatuke. Wenyewe hukiita usalama. Bunduki iliyoachwa pipani usalama ukiwa wazi huwatoa watu mashindanoni.

"Tena," alisema Raili.

"Nimefunga, mama!"

"Umefunga wewe, au mikono imejifungia yenyewe? Nataka kidole kijue kimefanya nini. Tena."

"Unanichosha."

"Nakuchosha? Nimekaa na wanawake waliotukana ukoo wangu mzima kwa uchungu, nikawaambia subiri, usisukume bado. Wakasubiri. Wewe na kijikomeo tu unanishinda?"

"Hao walikuwa wamelala chali. Mimi nakimbia!"

"Ndiyo maana kila mwaka tunatolewa kabla ya supu ya mchana. Tena!"

Saila akarudia, jasho likimtiririka, hasira ikimpanda, mpaka kidole gumba kikaota sugu. Kwenye taa za barabarani kilikuwa kikisukuma mpini wa gia bila kuambiwa. Dukani kilisukuma pakiti za maziwa. Alijichekea mwenyewe, lakini moyoni hakuwa na utulivu wowote. Agosti ilikuwa inamjia mbio kuliko alivyoweza kuikimbilia.

Siku yenyewe ilikuja na manyunyu. Kituo baada ya kituo wakapita. Raili alichechemea lakini hakukosa shabaha, na Saila, ajabu ya mwaka, hakukosea kitu. Mchana ilipogawiwa supu ya njegere, Raili alikaa juu ya gogo akala taratibu. Saila alikula amesimama, akihamisha uzito mguu huu na ule.

"Saila, utakaa lini wewe?" mmoja wa kundi la jozi walilopangiwa alimtania.

"Nikifa."

"Hata jenezani utapiga teke," Raili akasema, na watu wakacheka.

Kikabaki kituo kimoja. Mwamuzi wake alikuwa Urpo, dereva wa lori la magogo, mtu mwenye tumbo la kuheshimika na sauti isiyohitaji kipaza.

"Sikilizeni," alisema. "Mnamburuta majeruhi, yule sanamu pale, mpaka kwenye mapipa mawili. Mnaangusha sahani za chuma kwa bunduki. Kila mtu anaacha bunduki katika pipa lake, usalama umefungwa. Mnapanda kilima, mnamaliza shabaha za karatasi kwa bastola. Honi ikilia hamjamaliza, mmeshindwa. Nikikuta usalama wazi, kwaherini." Akamgeukia Saila.

"Mbona unanitazama mimi?"

"Nina macho. Nitazame miti?"

Honi ya kuanzia ikalia. Wakamkamata sanamu kwa mikanda na kumburuta. Alikuwa amejazwa mchanga ulioloa, na mizizi ya misonobari ilimng'ang'ania kana kwamba ni ndugu yao. Katikati ya njia goti la Raili likalia, Saila akalisikia kwa masikio yake, na mama yule akaanguka kwa mikono. Akainuka. Uso ulikuwa umegeuka rangi ya maziwa.

"Vuta," alisema. "Usinitazame, vuta."

Wakafika. Saila aliangusha sahani zake upesi, akatumbukiza bunduki pipani, akageuka. Raili alikuwa bado ana sahani moja. Akakosa. Akavuta pumzi, akakosa tena. Saila alihisi kila sekunde ikimtambaa mwilini kama siafu, na mdomo ukamshinda.

"Twende! Mama, twende, saa inakwisha!"

Sahani ikaanguka. Raili akatupia bunduki pipani akaanza kukichapa kilima kwa mguu mmoja na nusu. Saila akampita, akafika katikati ya kilima, na hapo ndipo swali lilipomkaba. Je, alifunga?

Alitafuta kumbukumbu kwenye kidole gumba. Hakukuta kitu. Kidole kilichosukuma vitu majira yote ya kuchipua, leo hakikuwa na habari. Mtu ambaye hajachomoa bastola anaruhusiwa kurudi kurekebisha, ila saa haimsubiri. Akirudi bure, honi ingewakuta. Asiporudi, na kumbe ameacha wazi, ingekuwa mara ya nne.

"Unakwenda wapi?" Raili alimpigia kelele walipopishana.

"Panda tu!"

Alishuka akiteleza, akainama juu ya pipa lake. Usalama ulikuwa umefungwa, umefungwa kabisa. Akalitukana pipa, akajitukana na yeye, akageuka kupanda tena na mapafu yanawaka moto. Juu, Raili alishaanza kufyatua, polepole, tundu baada ya tundu katikati ya karatasi. Saila akachomoa bastola. Akasikia kichwani lile neno "subiri," akasubiri kidogo tu, akafyatua. Shabaha ya mwisho ikapata matundu yake, kukawa kimya, na honi ilikuwa haijalia.

Ilipolia, walikuwa wamekwisha kumbatiana. Saila alipiga ukelele ambao mkoa mzima wa Kainuu haujawahi kuusikia kwa mtu ambaye hajalewa.

"Tumemaliza! Mama, tumemaliza!"

"Usinivunje mbavu, nina goti tu la kutengenezwa," alisema Raili, naye alikuwa anacheka.

Walishuka wameshikana mikono. Kilichobaki ni ukaguzi, na ukaguzi haukumtisha Saila, kwa maana pipa lake alikuwa amelihakikisha kwa macho. Urpo naye, kama waamuzi wote waliomfahamu, alikwenda moja kwa moja kwenye pipa la Saila. Akainama na tumbo lake, akachungulia, akashika tochi. Alikagua kama mtu aliyekwisha jua atakachokikuta, akashangaa hakipati.

Raili alikuwa amesimama penye pipa lake. Saila alimwona anatazama ndani, halafu akaona kicheko kinamtoka usoni kidogokidogo. Hakuhitaji kuambiwa. Alisogea hatua moja akaona mwenyewe: bunduki ya mama mkwe, ya yule aliyesema "tena, tena," ilikuwa na usalama wazi.

Urpo alikuwa bado amewapa mgongo. Kidole kimoja kingetosha, na hakuna ambaye angejua. Macho ya wanawake wawili yakakutana. Saila akatikisa kichwa kwa nguvu, midomo ikisema bila sauti: funga. Funga, mama.

Raili akaweka mikono nyuma.

"Urpo," aliita. "Acha hilo. Njoo uangalie hili."

Urpo akaja, akatazama, akamtazama Raili, akatazama tena. Akavua kofia.

"Mmetolewa," alisema. "Pole, Raili. Pole sana."

Kule Honkavaara aliyefukuzwa haendi nyumbani. Bunduki hufungwa begini, naye hubaki na kundi mpaka mwisho, akibandika vibandiko kwenye matundu ya shabaha ili jozi inayofuata ikute karatasi nzima. Hakuna anayemsemesha, na kwao hiyo ndiyo heshima. Kwa hiyo wakapanda kilima tena wale wawili, kila mmoja na bunda lake la vibandiko, na Saila alikuwa anachemka.

"Alikuwa amekupa mgongo!" alisema walipobaki peke yao. "Kidole tu, mama. Kidole!"

"Nilimwona."

"Sasa kwa nini?"

"Mficha uchi hazai. Hilo nimewaambia wanawake maisha yangu yote." Raili akabandika tundu moja, akalipapasa. "Ningeingia sauna ile, nikakaa benchi moja na wewe, na wewe unajua."

"Nisingesema kwa mtu!"

"Najua usingesema. Hapo ndipo pangenishinda."

Saila akabandika kibandiko kikakaa upande. Kilichokuwa kinamsumbua kikatoka. "Nilirudi pale, mama. Pipa lako lilikuwa hapo hapo, nikatazama langu tu. Na ni mimi niliyekupigia kelele."

"Kelele ni zako. Kidole ni changu."

Halafu Raili akaacha kubandika. Alisimama mbele ya karatasi yenye matundu yake mwenyewe, mazuri, ya katikati.

"Ile siku ulipoangusha bastola," alisema, "sikukusemesha njia nzima mpaka Kajaani."

"Mpaka Jumapili iliyofuata."

"Nilidhani nakufundisha." Akajigonga kifuani kwa ngumi. "Ndivyo ilivyokuwa? Hapa? Hivi hivi?"

"Ndivyo."

"Mara tatu?"

"Mara tatu, mama."

"Na bado ukarudi mazoezini."

"Ningekwenda wapi?" Sauti ya Saila ilipasuka, na sasa hakujali nani anasikia. "Nimebakiwa na nani? Mwezi wa kumi wanakukata goti, mashindano basi, Pirkka yuko Tampere. Mimi kwako ni nani sasa? Nambie. Ni nani?"

Raili alimtazama kwa mshangao, machozi yakimshuka bila kuyafuta. Hakulia hata siku Pirkka alipobeba masanduku yake. Toka chini sauti ya Urpo ikapaa ikiuliza kama huko juu wanabandika au wanalala.

"Hospitali waliniuliza," alisema Raili, "nikitoka kwenye upasuaji wampigie nani wa karibu. Nikawaambia wampigie binti yangu, Saila, na namba yako nikawapa."

"Lini?"

"Mwezi wa tano. Nilidhani unajua."