Nyuma ya Ile Plastiki

"Mungu iko mbele, sawa. Na nyuma iko nini?"

Aliniuliza hivyo Mauwa, jirani yangu hapa kambini, mtu wa Kindu kule Kongo, siku tulipoleta pikipiki nyumbani na plastiki yake mpya. Yeye Mwislamu, mi Mkristo. Nikadhani anacheka imani yangu. Nikamwambia arudi kwa sufuria yake ya nsima, ugali wa huku.

Plastiki ninayosema ni ile inayofunika taa ya mbele na kukinga upepo. Ile ya kwanza marehemu mume wangu, Apollinaire, aliiandika kwa mkono wake: MUNGU IKO MBELE. Ilivunjika siku mbuzi walipoangusha pikipiki. Na hiyo pikipiki njo inatulisha. Mdogo wa marehemu, Dieudonné, anafanya nayo kabaza, anabeba abiria toka kambi yetu ya Dzaleka, hapa Malawi, mpaka mji wa Mponela.

Tulishuka Lilongwe, Old Town, kwa Alexis, muuza vipuri, mtu wa kwetu Bukavu, aliyetuita wapendwa hata hatujakaa. Alikuwa nazo mbili. Moja nyeusi, tupu. Nyingine nyekundu, na maneno yaleyale: MUNGU IKO MBELE. Machozi yalinitoka. Dieudonné akapitisha kiganja nyuma yake, akasema hii iko na kovu, tena matundu yake hayalingani na ya pikipiki yetu. Nikamjibu kwamba imani haipimwi kwa spana. Nikalipa ile nyekundu.

Matundu yalikuwa manne. Mawili tu yalikubali. Fundi wetu akachoma mengine kwa msumari wa moto, akakaza kwa kamba ya mpira.

Wiki ya tatu, kwenye kona karibu na Mponela, plastiki ilipasuka katikati, kipande kikaingia kwenye usukani. Dieudonné alianguka, akavunjika mkono. Namshukuru Mungu hakuwa na abiria. Alituambia usukani ulikwama. Na mimi nilifanya nini? Niliinama mbele ya majirani nikanusa mdomo wake.

Alikuwa ameacha pombe miaka minne. Sikusikia harufu yoyote. Lakini watu waliniona nikinusa, na hiyo ilitosha. Jumapili kwaya yake ikamwambia apumzike kwanza. Nami kwenye maombi nikasimama, nikamwombea afunguliwe tena toka pombe, naye amekaa palepale, benchi la nyuma.

Juzi niliosha vipande kwa maji ya moto, nivitunze kwa ajili ya maneno. Maneno yakabanduka. Kumbe ni karatasi ya gundi. Chini yake ufa wa zamani, mrefu kama kiganja, umeyeyushwa na kushonwa kwa waya, nyuma ukapakwa rangi. Mauwa aliona, hakunikumbusha swali lake. Alinisaidia tu kufunga vipande ndani ya kitenge.

Jana nikarudi kwa Alexis pamoja na Dieudonné, mkono wake umefungwa shingoni. Sikutaka plastiki nyingine. Nilitaka Alexis aseme ukweli mbele yake, nipate neno la kupeleka kanisani, jina la Dieudonné lisafishwe. Alexis alilaumu fundi wetu, akalaumu barabara, halafu akamtazama Dieudonné, akainua mkono kama anayekunywa chupa. Hapo damu ikanipanda. Nikafungua kitenge juu ya meza yake.

"Hii karatasi nani alibandika?"

Akacheka. "Mama Merveille, batu ba kambi munapenda maneno ya Mungu. Ona ile nyeusi, iko hapa mpaka leo."

Chini ya meza niliona rola nzima: Mungu iko mbele, Mungu iko mbele, Mungu iko mbele.

"Unafunika ufa kwa jina la Mungu," nikamwambia. "Sasa sema mbele ya huyu shemeji yangu. Ilikuwa imepasuka ao haikupasuka?"

Wateja wawili wakasogea karibu. Alexis akafuta meza ambayo haikuwa na vumbi.

"Ilifika imepasuka," akasema. "Lakini huyu alikuonyesha, mama. Njo we ulikataa."

Nikageuka. "Shemeji, umesikia. Jumapili nitasimama mbele ya kanisa lote, niseme kosa ni la Alexis."

Dieudonné aliokota kipande, akapitisha kiganja nyuma yake, kama siku ile. Akakirudisha polepole. Kisha akatoa ufunguo wa pikipiki mfukoni, akauweka juu ya kitenge changu, akatoka.