Saa Iliyomkimbia Fundi Saa

Kinyozi alikuwa amebakiwa na mfalme peke yake ubaoni, mtupu kama kichwa alichomaliza kukinyoa. Upande wa pili kaka yake, fundi saa, alikuwa na malkia na ngome. Hata asiyejua sataranji angeona kwamba mambo yamekwisha.

Haukuwa mchezo wa kikombe tu. Ndugu hawa waligawana chumba kimoja cha kazi mpaka nywele za wateja wa mmoja zilipoingia ndani ya saa za wateja wa mwenzake. Maneno yakatoka, kinyozi akabeba kiti chake akahama. Tangu siku hiyo hawasalimiani. Mama yao, aliyechoka kupeleka ujumbe huku na kule, aliposikia wamepangwa pamoja kwenye mashindano ya mtaa akakata shauri: atakayeshindwa amwendee mwenzake nyumbani, amwombe radhi. Wakakubali, kila mmoja akijua atashinda. Vichwa vigumu hivyo!

Basi kinyozi akangoja kufungwa. Kaka akamwinua malkia, hatua ya mwisho kabisa, mkono ukabaki hewani. Muda ukayoyoma. Kinyozi akautazama mkono, akaitazama saa ya mchezo inayompimia kila mchezaji muda wake, asielewe. Saa ikalia.

"Nimeshinda!" akaruka.

"Kaa chini," mwamuzi akasema. "Muda wake umekwisha, sawa. Lakini mfalme peke yake hawezi kumfunga mtu. Ni sare."

"Sasa nani kashindwa?"

"Hakuna."

Ukumbi ukaangua kicheko: fundi saa kaishiwa na muda! Kinyozi hakucheka. Saa zile za mashindano kaka ndiye aliyezitengeneza. Alizubaa? Alimhurumia? Kichwa kilimzunguka, na hasira aliyokuja nayo hakujua aiweke wapi.

Akamkuta kaka yake mlangoni.

"Shikamoo, kaka." Ilimtoka yenyewe.

"Marahaba."

"Ulikuwa umeshanifunga. Mbona hukumweka malkia?"

"Saa ilinikimbia."

"Ikukimbie wewe?"

Fundi saa akavua miwani, akaifuta ingawa haikuwa na vumbi. Wakatembea hadi njia panda, kushoto kwenda kwa kinyozi, kulia kwenda kwa kaka yake. Wote wawili wakasimama.

"Sasa nani amwendee nani?" kinyozi akauliza.

"Hata mimi sijui, mdogo wangu." Kaka akajipapasa kisogoni. "Kile kiti chako bado unacho? Tangu uhame sijanyolewa vizuri."