Mabuu Golini

Jumatatu, meneja wa uwanja aliipiga teke nyasi ya golini. Ikabanduka kama zulia bovu, haina mzizi hata mmoja.

"Mama, fainali ni Jumamosi. Pasipopona hapa, nitatafuta mtu mwingine."

Miaka kumi na moja nimeutunza uwanja ule. Nilifanya ninachokijua: nyasi ikigeuka njano, ipe maji. Nikaendelea kumwagilia asubuhi na jioni, kama nilivyofanya miezi yote. Upara ukazidi kutambaa.

Jumatano nilimburuta uwanjani binti yangu, anayesomea kilimo chuoni. Ukutani kwenye stoo walikuwa wametua wadudu kama mbu wakubwa, miguu mirefu mpaka inachekesha. Nikavua ndala.

"Mama, hao hawaumi! Hata kula hawali."

"Sasa hapa wanatafuta nini?"

"Pa kutagia."

Akachimba golini kwa mwiko. Udongo ukatoka na mabuu ya kijivu, hayana miguu, ngozi ngumu kama mpira. Niliyahesabu hadi ishirini, nikaacha.

"Jike lina mkia kama sindano. Linachoma udongo, linaacha mayai. Buu linakula mizizi miezi na miezi, likishaota mabawa linaishi siku chache tu. Lakini yai likikosa unyevu, limekufa." Akatazama viatu vyake vilivyolowa. "Nani anamwagilia hivi?"

Nikausukuma mpira wa maji nyuma yangu kwa mguu.

"Mama?"

"Mimi."

"Basi umewalea wewe."

"Nimenyonyesha watatu," nikasema. "Sikujua na hawa ni wangu."

Hakuna aliyecheka.

Alhamisi jioni tulilowesha goli mara ya mwisho, tukalifunika kwa turubai jeusi, maana mabuu yakikosa hewa hupanda juu. Ijumaa alfajiri tulifunua. Yalikuwa yametapakaa kila mahali. Tukapiga magoti, tukayaokota kwa mikono mpaka ndoo mbili zikajaa. Mgongo ulitaka kukatika.

Meneja akaja, akachungulia ndoo.

"Umeyatoa. Nyasi iko wapi?"

"Nipe mwezi mmoja."

"Fainali ni kesho, mama."

"Wiki tatu, basi. Nakuomba."

Akanyoosha mkono. Nikampa ufunguo wa stoo.

"Atakayekuja mwambie asimwagilie kila siku," nikasema. "Maji ndiyo yanayowalea."

"Sawa, sawa."

Tulipofika getini binti yangu alinishika mkono. Nyuma yetu maji yalikuwa yanachuruzika. Meneja alikuwa amesimama golini na mpira wa maji, anamwagilia upara.