Pete za Kijani

Tangu asubuhi kisanduku cha umeme cha maabara kilikuwa kinanguruma kwa sauti ambayo Leokadia hakuizoea. Alikuwa mwalimu wa fizikia katika shule moja ya wasichana nje kidogo ya Iringa, na siku hiyo, mwaka 1975, wazazi walikuwa wamealikwa kuona kazi za wanafunzi.

"Tuliache onyesho hili, Crispin," alimwambia mwalimu mwenzake. "Moyo wangu umekataa."

"Watu wametoka Chimala tangu alfajiri, dada. Tuwaonyeshe ubao mtupu?"

Leokadia akaanza kukunjua mablanketi. Wakaziba nayo madirisha, wakawasha kisanduku.

Ndani ya bomba la kioo lililounganishwa nacho elektroni, chembe ndogo mno za umeme, zikarushwa kupitia utando mwembamba wa kaboni, ile ile ya kwenye penseli, na upande wa mbele zikachomoza pete mbili za kijani. Watu wakaguna. Leokadia akaeleza kuwa elektroni, ndogo kiasi hicho, husafiri kama mawimbi: yakipatana pana nuru, yakipingana pana giza.

"Na ukiongeza umeme?" aliuliza baba mmoja.

"Pete husinyaa, mzee."

Hapo hapo akaziona zinasinyaa. Polepole, kama zinavutwa na kitu kutoka katikati. Hakuna aliyekuwa amegusa kitufe cha kisanduku. Umeme ulikuwa unapanda wenyewe.

Wazazi wakapiga makofi, wakidhani ni sehemu ya onyesho. Leokadia akaona haya kuwatia hofu wageni. Akaanza kupenya kimya kimya kuelekea swichi iliyokuwa ukutani. Crispin naye, ili amsaidie, akanyoosha mkono kwenye kitufe apunguze umeme.

"Usiguse!"

Leokadia alichelewa. Cheche ikalia kama mjeledi. Crispin hakupiga hata kelele. Leokadia alipoikata swichi chumba kizima kikamezwa na giza, na humo gizani kisigino cha mtu kikawa kinagonga mguu wa meza, kinagonga, kisha kikaacha.

Crispin alifia ndani ya Landrova, kabla hawajafika hospitali.

Leokadia ndiye aliyetangulia mwili kwa lori hadi nyumbani kwao Uyole kumpa habari mke wa marehemu, Juliana. Alimkuta anaanika mahindi.

"Umeme umemuua," alisema.

Juliana aliinua uso. "Na wewe ulikuwa wapi?"

"Pembeni yake. Niliona unapanda, wifi. Nikachelewa kusema."

Juliana hakulia. Alisogeza mahindi, akamwonyesha mahali pa kukaa kwenye jamvi. "Anza mwanzo," alisema. "Usiruke lolote."