Neno la Kuzimia Taa

Mimi ni fundi umeme, na ni mwanamke, kwa hiyo nimezoea kuulizwa mara mbili kama kazi naiweza. Naiweza. Kwa miaka kumi na tisa hakuna nyumba niliyofunga waya ikaungua, wala mteja aliyepigwa shoti na soketi yangu. Nasema hili mapema ili ijulikane kwamba yaliyompata mama yangu hayakutokana na waya mbovu. Waya zilikuwa safi, na natamani sana zingekuwa mbovu.

Mama alikuwa na presha ya macho. Daktari alitueleza kwamba ugonjwa huo hula pembeni kwanza, kisha husogea katikati taratibu, na kilicholiwa hakirudi. Penye mwanga mkali mama aliweza hata kutunga uzi kwenye sindano. Mwanga ukipungua, hakuona kitu. Na nyumba yake ilikuwa nyembamba, ya ghorofa moja, imebanwa na nyumba za majirani kulia na kushoto. Jiko na sebule vilikuwa chini, chumba chake juu, na katikati kulikuwa na ngazi zenye vidato kumi na vitatu, zisizo na dirisha hata la kupitisha mkono. Pale palikuwa giza hata saa sita mchana, na jikoni hapakuwa na afadhali.

Kaka yangu, mkubwa wetu, alitaka kumchukua akaishi kwake. Kaka si mtu mbaya, nisije nikaeleweka vibaya. Ana nyumba kubwa, ana mke mpole, ana watoto wanaompenda bibi yao.

"Mama, kwangu utakosa nini?" alimuuliza.

"Nitakosa kwangu," mama alijibu, akaendelea kukunja nguo.

Mimi nikaingilia. Nilijua alichomaanisha. Nyumba ile alijenga na marehemu baba, tofali kwa tofali, na kila alipoweka mkono ukutani alijua yuko wapi. Kumtoa pale ni kumpofusha kabla macho hayajamaliza kazi yao. Nikamwambia kaka kwamba tatizo si nyumba, tatizo ni swichi. Mama anapapasa swichi gizani, ndipo hatari ilipo. Nikimwekea taa zinazosikia sauti, hatapapasa tena.

Kaka akaninyooshea kidole kimoja. "Sawa, fundi. Lakini akianguka mara moja tu, namchukua. Na siku hiyo sitaki maneno."

"Mara moja tu," nikakubali. Kichwa kilikuwa kimevimba, nisingekubali nini?

Watu wakisikia taa janja hudhani gharama ni balbu. Balbu ndiyo rahisi. Gharama ni ile nyumba yenyewe. Swichi za aina hii zinataka waya wa nyutro, ule wa kurudisha umeme, ndani ya kila boksi la swichi, na fundi aliyefunga nyumba ya mama, Mungu amrehemu, alifunga kama walivyofunga wote wa zamani: nyutro iliishia kwenye taa, haikushuka ukutani. Ikabidi nichimbe kuta kwa tindo, kutoka dari hadi kila swichi, chumba kwa chumba, kisha nipitishe waya mpya, nipige plasta, nipake rangi. Nikanunua maboksi mawili ya kusikilizia, moja la chini na moja la kufunga ngazini juu. Nikaingiza mtandao wa kulipia kila mwezi. Nilipofika katikati, mfuko ulikuwa umetoboka kuliko kuta, na nyumba iko wazi kila mahali. Huwezi kumwachia mama nyumba iliyochanwa hivyo. Nikauza pikipiki yangu.

"Taa janja," mama alirudia jina hilo nilipomwambia. "Mjanja mbona haaminiki, mwanangu? Hakuna taa nzuri, ya heshima zake?"

Tulicheka. Tulicheka sana siku zile.

Kifaa kile kina jina lake la kuitia. Unalitaja jina kwanza, kifaa kinatega sikio, ndipo unatoa amri. Muuzaji alinisisitizia kwamba jina lisiondolewe. Lakini lilikuwa jina la kigeni, mama alilisahau kila alipolikariri, na akilikumbuka aliona aibu kulitamka.

"Siwezi kumwita mtu ambaye hayupo," alisema. "Baba yenu nilimwita humu ndani mwaka mzima baada ya kuzikwa. Niliacha kwa tabu."

Nikaliondoa jina. Kifaa kiliruhusu. Kiliruhusu pia kurekodi maneno yako mwenyewe, kwa sauti yako mwenyewe, kikasikiliza muda wote na kutii hayo tu. Mama akasimama mbele ya boksi, akanyoosha mgongo kama anayepigwa picha ya kitambulisho, akasema mara tano, "Washa." Taa zikawaka. Akasema mara tano, "Zima." Taa zikazimika. Akageuka kunitazama, na sura ile sijaisahau. Ilikuwa sura ya mtu aliyerudishiwa funguo zake.

Wakati nakusanya vifaa, jirani yake, mama mshonaji, aliingia kusalimia. Walisalimiana kama wanavyosalimiana siku zote, kwa kirefu, mara taa za sebuleni zikazimika. Nikatoa simu, nikatazama, nikasema ni mtandao, utatulia. Mwenye macho haambiwi tazama, husema wahenga. Mimi nilikuwa na macho mawili mazima na sikutazama.

Zamani nilikuwa nikitoka kazini napitia kwa mama na pikipiki, nakaa nusu saa, naondoka. Sasa pikipiki haipo, na kutoka kwenye kazi zangu hadi kwake kwa miguu ni mwendo wa saa moja na nusu. Kwa hiyo nikawa napiga simu. Saa kumi jioni, wakati wa mapumziko, kila siku.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mzima?"

"Mzima, mwanangu. Na wewe?"

Kisha tunaongea. Nilimuuliza taa zinasemaje, akanijibu zinafanya kazi vizuri sana. Kaka naye alimuuliza, akapewa jibu hilohilo. Baada ya wiki tatu kaka alinipigia, akasema, "Naona uliniweza." Nilitembea siku hiyo kurudi nyumbani bila kuhisi miguu.

Kisha nikapata kazi ya kufunga taa za ghala. Msimamizi alikuwa mkali, simu ziliachwa getini, na siku mbili nzima sikumpigia mama. Siku ya tatu nikaomba dakika tano, nikatoka nje. Simu iliita muda mrefu hadi nikataka kukata. Akapokea akihema kidogo.

"Shikamoo, mama. Mzima?"

"Mzima," alisema.

Halafu nikasikia "aa" ndogo, kama ya mtu aliyekumbuka kitu alichosahau. Kisha simu ikawa inagonga. Iligonga kidato kwa kidato, na nilihesabu bila kutaka: tisa. Pakawa kimya. Kisha, kwa mbali, nikasikia sauti yake ikisema, "Washa."

Nikaita, "Mama." Nadhani niliita mara nyingi.

"Washa," alisema tena. "Washa." Sauti ilikuwa chini mno. Boksi halikuisikia, nilikuwa naisikia mimi.

Nilimpigia mama mshonaji, ambaye alikuwa na ufunguo. Yeye ndiye aliyemkuta, chini ya ngazi, gizani. Nyonga ilikuwa imevunjika. Hospitalini mama alimwambia daktari kwamba aliteleza. Alimwambia kaka aliteleza. Nami nilipoinama kitandani kwake, kabla sijafungua kinywa, aliniambia, "Niliteleza, viatu vile sivipendi." Kaka alisimama upande wa pili wa kitanda. Hakusema, "Nilikwambia." Angesema ningepata cha kujibu, tungegombana, ingekuwa nafuu. Alinishika bega tu, akaenda kuulizia gari la kumpeleka mama kwake.

Mwezi mmoja baadaye akapatikana mpangaji wa nyumba ya mama. Alikuwa mtu wa kawaida, mwenye watoto, akataka swichi za kawaida. Nikaenda kuzitoa zile nilizoziweka. Sina haja ya kueleza jinsi inavyokuwa kuchimbua kwa bisibisi kitu ulichokifunga kwa mikono yako na kukisifu.

Kabla ya kufuta kila kitu kwenye simu, nilifungua kumbukumbu za kifaa. Hizo huwa nazitazama kwa mazoea ya kazi, kama daktari anavyosoma kadi hata mgonjwa akishafariki. Kila amri imeandikwa pale, na saa yake. Nikaona asubuhi: imewashwa. Usiku: imezimwa. Hayo sawa. Lakini katikati kulikuwa na mengine. Saa nne asubuhi, muda ambao mama mshonaji hupita: imezimwa. Jumapili, wageni wakija: imezimwa, imewashwa, imezimwa, imewashwa, imezimwa. Na kila siku, bila kukosa hata moja, saa kumi na dakika mbili tatu: imezimwa.

Zile siku mbili za ghala, saa kumi hapakuwa na kitu. Siku ya tatu: imezimwa. Chini yake hapakuwa na imewashwa tena.

Nilikaa kwenye kidato cha nne, na bisibisi mkononi. Nikalitamka lile neno polepole. Mzima. Nikalitamka tena bila herufi ya kwanza. Boksi halijui salamu. Boksi halijui kwamba kuna neno moja tunaloamkiana nalo na lingine la kuzimia taa, na kwamba tofauti yao ni kufumba midomo tu kidogo mwanzoni. Mimi ndiye ninayejua Kiswahili. Mimi ndiye niliyemsomesha mama neno lile mara tano.

Halafu nikaona jambo jingine, na hilo ndilo lililonimaliza. Baada ya kila imezimwa ya saa kumi, imewashwa ilichelewa. Dakika nne. Dakika sita. Siku moja, dakika kumi na moja. Nikaangalia simu zangu nilizompigia, na zililingana. Muda wote tuliokuwa tukiongea, nikimsimulia wateja wangu wakorofi, naye akicheka, alikuwa amekaa gizani akingoja nikate ndipo aseme washa. Angesema mapema, ningesikia.

Nikaenda kwa kaka. Mama alikuwa kitandani, katika chumba kizuri, safi, dirisha kubwa. Swichi iko mlangoni, hatua sita kutoka kitandani, na yeye hatembei. Taa wanawasha wao wakikumbuka. Nilifunga mlango.

"Ulijua," nikamwambia.

Hakujifanya haelewi. "Nilijua siku ya tatu. Mama mshonaji ndiye aliyegundua, tukacheka mpaka machozi."

"Kwa nini hukuniambia, mama? Ningebadilisha neno. Ni kazi ya dakika mbili."

"Ya dakika mbili?" Hilo hakulijua. "Mimi nilidhani utachimba kuta tena. Na pikipiki umeshauza. Na kaka yako angesema, si nilikwambieni."

"Basi ungejibu neno jingine. Ungesema sijambo. Ungesema chochote."

"Mtu akiulizwa mzima hujibu mzima, atajibu nini? Ningesema nipo tu, ungeacha kazi uje kwa miguu. Nakujua." Alivuta shuka. "Sikuwa mjinga. Nilikuwa nakaa kwanza. Simu ikiita nakwenda kwenye kiti cha jikoni, nakaa vizuri, ndipo napokea. Hata giza likija, limenikuta nimekaa."

Sikumuuliza kuhusu siku ile. Alinijibu mwenyewe.

"Siku ile ulikuwa hujapiga siku mbili. Nilikuwa nashuka. Nikaona nikienda mpaka kwenye kiti utakata."

Nililia, naye aliniacha nilie. Hakunishika kichwa wala hakusema yamekwisha, kwa sababu hayakuwa yamekwisha, na mama hakuzoea kusema uongo mkubwa, alizoea ule mdogo wa kumfaa mtu. Kabla sijaondoka aliniomba nisimwambie kaka. Sijamwambia mpaka leo. Naye kila akinitambulisha kwa watu husema huyu ndiye fundi wetu, kazi yake ni safi, mama aliteleza tu.

Bado napiga simu saa kumi. Mke wa kaka humpelekea mama simu kitandani, anamwekea sikioni. Kule taa hazisikii lolote, mama angeweza kujibu atakavyo na hakuna ambacho kingezimika.

"Shikamoo, mama. Mzima?"

Anakaa kimya kidogo, kama anayetafuta mahali pa kuweka mguu.

"Nipo tu," anasema.